Sukari Ndani ya Sanduku

12 Januari

Binti wa kaka yangu,

Pokea salamu, na ukishazipokea kaa chini, maana najua barua zangu unazisoma umesimama huku unatafuna. Huku hatujambo. Goti langu la kushoto limetabiri mvua mara tatu na mvua haikuja, kwa hiyo nalo limezeeka. Sikio ndilo linafunga; mtu akinikaribia namsikia, simu hainiingii. Ukipiga simu baba yako anaiweka kwenye sauti kubwa, nyumba nzima inasikia isipokuwa mimi. Ndiyo maana naandika. Barua atakuletea yule dereva wa lori la vitunguu. Ukiona bahasha inanuka, ujue ni yangu.

Kazi yangu inakwenda. Juzi alikuja mama mmoja akitaka mafuta ya mwarobaini ampe mtoto wa miezi mitano, kijiko kimoja, eti kwa kifua. Nilimtoa mbio. Mafuta yale ni ya ngozi, hayaingii kinywani mwa mtoto hata kwa tone. Mwenye mimba naye nilishasema simpi hata jani. Watu wanasema mti huu unatibu maradhi arobaini. Mimi kwa miaka thelathini na minane nimeyaona manne kwa macho yangu: upele, fizi, chawa, na wadudu wa kwenye gunia la maharage. Hilo la mwisho si maradhi, lakini maharage hayajawahi kulalamika.

Sasa la baba yako. Fundi Mita wetu alikwenda kupima sukari, na ile mita yake ya kupimia nguo shingoni kama kawaida, wakamwambia imepanda tena. Karatasi ya kipimo ameificha chini ya cherehani, akidhani mimi siku hizi sifagii. Vidonge vyake ni vilevile, kimoja kila asubuhi. Mimi vidonge sivisemi. Nikisema, mtasema nimesema.

Wabusu wajukuu.

Shangazi yako


29 Januari

Shikamoo Shangazi,

Nimekaa chini kama ulivyoagiza, juu ya katoni ya maji ya dripu, maana kiti cha dirisha la dawa kimevunjika mguu na hospitali inasema kinashughulikiwa. Bahasha ilinuka kweli. Watu kwenye foleni walidhani ninapika.

Wajukuu wako hawajambo. Mdogo ameanza shule, na siku ya kwanza alirudi na kiatu kimoja na hakuona tatizo. Mume wangu anakusalimu, anauliza ile dawa ya fizi.

Shangazi, nakuomba jambo moja. Baba haachi chai ya vijiko vitano. Nikimwambia kwenye simu anasema "ndiyo mwanangu" kisha anauliza wajukuu. Wewe uko naye nyumba moja. Ondoa sukari yote. Asali pia. Na uangalie kopo la vifungo, zamani alikuwa anaficha pipi humo. Usiache hata chembe anayoweza kuifikia. Hayo mengine niachie mimi.

Na usinikasirikie kwa hili. Humpi majani ya mwarobaini? Nauliza kwa sababu hapa dirishani wanakuja watu wanaokunywa dawa zetu na mitishamba pamoja, na hawasemi mpaka waanguke. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nikiwauliza kwa nini hawakusema wananijibu, "Mbona hukuuliza?" Basi mimi nauliza.

Mwanao


16 Februari

Bi Dirishani,

Marahaba mwanangu. Salamu zimefika, na fizi za mume wako nimezifungia kikaratasi. Achemshe, asukutue, ateme. Ateme! Mkewe ni mtu wa dawa, atamwelewesha.

Paa la jikoni tumeliziba. Jirani yetu Mama Soda amenunua jokofu kubwa, sasa anauza soda baridi na anajiona meneja.

Agizo lako nimelitekeleza. Sukari iko ndani ya sanduku langu la bati, chini ya vitenge, na ufunguo ninao shingoni. Asali nimeigawa. Kwenye kopo la vifungo nimekuta pipi kumi na moja. Kumi na moja! Mtu wa miaka sitini na saba. Alinitazama kama nimemfukua marehemu. Hajawahi mtu kuniagiza kitu nikakishika kama nilivyokishika hiki.

Na faida tumeiona. Kipimo kimeshuka hasa. Muuguzi alishangaa. Mimi sikushangaa.

Ila kuna jambo. Asubuhi anatoka jasho, jasho la mtu aliyebeba matofali, naye ameketi tu. Wiki iliyopita alishona kola juu chini kwenye mashati manne ya shule, akamfokea mteja aliyemwonyesha. Kaka yangu, kufoka! Alipokula saa nne akili ikamrudia, akaomba radhi, akafumua. Nafikiri ni vidonge vyenu. Kitu kinachotoka kiwandani huwezi kujua kimepita wapi.

Swali lako la majani nimelisoma. Mwarobaini wetu umechanua, nyuki wamejaa uani.

Shangazi


3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Leo sina habari za watoto, wote wazima. Habari ya kola nimeisoma mara tatu.

Hilo jasho si la umri, na kufoka kule si hasira. Ni sukari inashuka kupita kiasi. Ikishuka mno mtu hutetemeka, hutoka jasho, huongea ovyo kama mlevi, kisha huanguka. Ni hatari kuliko ya kupanda, kwa sababu ya kupanda huua polepole na hii haisubiri.

Nilikuambia usiache hata chembe. Nilikosea. Fungua sanduku leo hii. Sukari ikae kabatini na kila mtu aijue ilipo. Ukimwona anatetemeka na bado anaweza kumeza, mpe nusu kikombe cha maji yenye vijiko vitatu vya sukari, au soda ya kawaida. Ngoja robo saa. Akiwa bado, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa hajitambui usimtie kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mkimbize hospitali.

Na kila asubuhi ale mara tu baada ya kidonge. Asingoje saa nne kwa sababu ya sare za watu.

Nauliza tena. Anakunywa mwarobaini? Majani yale hushusha sukari, na vidonge vinashusha, vikikutana vinasukumana bondeni. Sitakugombeza. Nijibu ndiyo au hapana, usinijibu nyuki.

Kwa upande wangu hakuna jipya. Nampigia Baba kila siku. Nikimtajia jasho anasema ni mzima, nisitie watu presha.

Mwanao


22 Machi

Mwanangu,

Salamu. Barua yako sijaiona mwezi mzima. Dereva wa vitunguu hajaonekana, wanasema lori lake liko gereji linangoja kifaa. Hii nampa fundi wa majokofu anayekuja huko kesho.

Najua umeshasikia kwenye simu, lakini kwenye simu baba yako alikwambia ameteleza. Hakuteleza.

Jumanne saa tatu asubuhi alikuwa anapiga pasi. Nilikuwa uani naanika majani. Nilinusa kitambaa kinaungua. Nilipoingia alikuwa chini, pasi juu ya kiganja chake cha kulia, na hakuwa akiisikia. Macho wazi. Aliniita kwa jina la mama yetu.

Nilipiga kelele, Mama Soda akaja. Alimnywesha soda, kidogokidogo. Baada ya muda akajua yuko wapi, ndipo akasikia maumivu ya mkono. Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki. Amefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Mkasi hashiki. Sare thelathini na mbili nimezirudisha kwa wenyewe.

Usipande basi. Anakula, anaongea.

Nina swali, na mimi nataka ndiyo au hapana. Nimetazama pakiti yake. Vilivyotoka ni vingi kuliko siku zilizopita. Nimehesabu mara mbili, na mara ya tatu kwa mbegu za maboga. Kaka yangu anameza vidonge vingapi?

Shangazi


30 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Fundi wa majokofu alinikuta dirishani. Nilisoma pale pale, nikafunga dirisha, foleni ikanung'unika, nikaacha inung'unike.

Viwili.

Januari, ulipoandika kwamba kipimo kimepanda, nilikiandika kwenye karatasi nikamwonyesha daktari mmoja hapa kwetu, koridoni, akiwa anakimbilia wodini. Alisema aongezewe, avimeze viwili. Hajamwona Baba hata siku moja, na hakuuliza anakula saa ngapi wala anatumia nini kingine. Mimi ninayewauliza watu wote sikumkumbusha. Nikamtumia Baba pakiti kubwa, nikamwambia ameze viwili na asikwambie, kwa sababu ungesema tunamuua kwa kemikali, na sikutaka mabishano. Hilo ndilo "hayo mengine niachie mimi".

Nimetoa dawa kwa watu kwa miaka tisa sijamkosea dawa hata mmoja. Nimekuja kumkosea baba yangu. Naona aibu, Shangazi, na usiku naisikia ile harufu uliyoiandika.

Nimempigia, nimemwambia arudi kwenye kimoja, na kesho aende kwa daktari wa huko akapimwe na aeleze kila kitu. Kila kitu, Shangazi. Barua yangu ya tarehe tatu kama haijafika, iko kwenye lori. Ikifika utaona nilichouliza. Sikiulizi tena.

Ruhusa nimeomba, nimenyimwa mpaka Mei. Tuko wawili tu kwenye dawa.

Mwanao


12 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mkono unaanza kukauka. Anaweza kushika kikombe. Wateja wawili wamerudi na kitambaa, wanasema watangoja. Mama Soda anasimulia kila mtu jinsi alivyomfufua, na kila akisimulia chupa zinaongezeka.

Dereva alifika jana. Barua yako ya tarehe tatu Machi ilikuwa chini ya kiti chake wiki tano. Kaboresha gari, hakuboresha akili. Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya sanduku.

Ndiyo. Alikuwa anakunywa. Tangu wiki ya pili ya Januari, kikombe kidogo kila alfajiri, majani ya kuchemsha, kabla hajala. Nilimwambia asikwambie, kwa sababu ungenitumia karatasi zenye maneno marefu. Sukari haikuwa katika yale manne yangu. Niliisikia kwa wengine, na kaka yangu alikuwa na huzuni, nikataka nimpe kitu kwa mkono wangu. Kiliposhuka kipimo nilijisifu moyoni. Nilijiona nimekushinda wewe na hospitali yako.

Kuna lingine sikuliandika, nalo ndilo linalonikosesha usingizi.

Mama Soda alipokuja na chupa alisema, "Mpe hii, mume wa dada yangu huwa hivi hivi." Mimi nilimsukuma. Nilimwambia, "Ana sukari huyu, unataka kumuua?" Chupa ikaanguka ikamwagika. Kaka yangu alikuwa anatetemeka miguuni pangu, ufunguo uko shingoni mwangu, sanduku liko hatua sita, na mimi namlinda na sukari. Mama Soda alikwenda kuchukua chupa ya pili. Aliponikuta bado nimesimama mlangoni alinisogeza kama kiti. Mimi ninayeitwa na watu mganga. Yeye anauza soda.

Hiyo safari ya kwenda na kurudi kwake, mwanangu, naihesabu kila siku. Kama jokofu lingekuwa mbali kidogo tu, ningekuwa nimemuua kwa utiifu.

Daktari wa hapa tumemwona. Nilikwenda mwenyewe, nikamwambia majani mbele ya wagonjwa wengine. Hakunicheka. Alisema majani yaachwe, kidonge kimoja pamoja na chakula, na kipimo kila wiki. Aliniuliza nachemsha kiasi gani. Nikamwambia konzi moja. Akauliza, konzi ya nani? Nilitazama kiganja changu. Miaka thelathini na minane sikuwahi kuulizwa hilo. Mkono wangu wa mwaka huu si wa mwaka ule, na jani la kiangazi si la masika.

Nigombeze. Ulisema hutanigombeza, lakini nitapumua vizuri ukinigombeza.

Shangazi


21 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Siwezi kukugombeza. Nimejaribu. Kila nikianza sentensi naona inanihusu mimi. Sukari ile niliifungia mimi, wewe ulishika ufunguo tu.

Ulivyowatoa mbio wale wenye watoto wachanga na wenye mimba, hayo hata hospitali tungesema vivyo hivyo. Wewe si mganga mbaya, wala mimi si mfamasia mbaya. Kila mmoja wetu alimtibu Baba nyuma ya mgongo wa mwenzake.

Nimeambatanisha karatasi nene. Andika juu yake kila kitu kinachoingia kinywani mwa Baba kwa ajili ya ugonjwa, kiasi na saa, hata kama ni jani moja. Ibandike ukutani juu ya cherehani, kila anayemtibu aione. Na akija mteja wako wa mwarobaini, kabla hujamfungia kitu muulize anameza nini kingine. Mimi nami nitauliza dirishani wananywa majani gani, na nitauliza bila kukunja uso. Nadhani uso wangu ndio uliowafanya wafiche.

Nakuja tarehe ishirini Mei. Mpe Mama Soda salamu. Mwambie nina zawadi yake.

Mwanao


6 Mei

Bi Dirishani,

Marahaba. Goti limetabiri mvua, na safari hii imekuja, kwa hiyo nimelirudishia cheo.

Karatasi iko ukutani. Ina mstari mmoja tu, kidonge kimoja na chai isiyo na sukari na chakula chake, saa moja. Chini nimeandika majani, kisha nimekata kwa kalamu nyekundu na kutia tarehe. Sukari iko kabatini, rafu ya kati, mlango hauna kufuli. Wateja nawauliza. Mmoja amesema mimi siku hizi ni polisi. Nilimwambia akanunue kwingine, akakaa akajibu.

Mama Soda nimemwomba radhi kwa ile chupa iliyomwagika. Alisema yaliyopita si ndwele, kisha akanikumbusha kwamba chupa yenyewe ilivunjika.

Baba yako amesoma barua zako zote. Nilizisahau mezani. Sawa, sikuzisahau. Ameomba nafasi ya maneno machache hapa chini. Mwandiko ni wa mkono wa kushoto, vumilia.

*

Mwanangu,

Mkono unarudi. Jana nimekata kitambaa cha kwanza, sketi, na sikuharibu.

Nimesoma mlivyokuwa mnagawana kosa. Dada yangu alinipa kikombe akasema nisikwambie. Wewe ukanipa vidonge ukasema nisimwambie yeye. Nikawatii nyote wawili. Nilikunywa na nikameza kwa saa ile ile, nikijisemea, hawa ndio wanaojua dawa, bila shaka wameshaelewana, wanaoneana aibu tu. Kila asubuhi nilisikia vibaya na sikusema, maana ningesema lolote ningemchoma mmoja wenu.

Mimi nimeshona nguo miaka arobaini na mbili. Sijawahi kukata kitambaa cha mtu kwa kuambiwa urefu wake na ndugu zake. Anakuja mwenyewe, anasimama, namzungushia mita, namuuliza: hapa inabana?

Mnaulizana barua nzima ndiyo au hapana. Mimi nilikuwa chumba cha pili, hakuna aliyeniuliza.

Njoo tarehe ishirini. Chai ipo.

Baba yako